Kabla ya Bomba la Maji

Muulize mtu yeyote aliyesoma kidogo jinsi mtoto asiyeona wala kusikia anavyofundishwa kuwasiliana, naye atakusimulia habari ya bomba. Tarehe 5 Aprili 1887, mjini Tuscumbia katika jimbo la Alabama, Marekani, mwalimu Anne Sullivan aliuweka mkono mmoja wa Helen Keller chini ya maji ya bomba, na kwenye kiganja cha mkono wa pili akatamka neno la maji kwa alfabeti ya vidole, herufi baada ya herufi. Mtoto akatulia tuli. Akang'amua kwamba kila kitu kina jina, na saa chache baadaye alikuwa ameongeza maneno kama 30.

Ni kisa kizuri, na mimi sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na namna kinavyotumika. Kimewafanya walimu waamini kwamba kazi ni kumpa mtoto maneno hadi siku moja mlango ufunguke wenyewe. Mwalimu anakaa na mtoto wa miaka minane asiyeona, mwenye mtindio wa ubongo, asiyetamka lolote, anamshikisha kikombe na kumwambia "kikombe, kikombe, kikombe" muhula mzima. Mlango haufunguki. Kwenye ripoti inaandikwa kwamba mtoto hafundishiki.

Tuhesabu siku. Sullivan alifika kwa akina Keller tarehe 3 Machi. Hadi tukio la bomba ni mwezi mmoja na siku mbili. Hakuna nyumba inayojengwa kwa muda huo kama msingi haujachimbwa, kwa hiyo swali la fundi ni: nani aliuchimba?

Helen aliugua akiwa na miezi 19. Alikuwa ameona, amesikia, ameanza hata kutamka. Baada ya ugonjwa hakukaa bila lugha kama watu wanavyodhani. Alijitungia ishara za nyumbani zinazokadiriwa kufikia 60 mwalimu wake alipofika. Kumvuta mtu kulimaanisha njoo, kumsukuma kulimaanisha nenda. Akitaka mkate aliigiza kukata vipande na kupaka siagi. Akitaka aiskrimu alifanya kama anazungusha mashine ya kuitengenezea, kisha akatetemeka kwa baridi. Alikuwa pia na mwenzake wa kucheza, Martha Washington, binti wa mpishi wa nyumba hiyo, aliyezielewa ishara hizo na kuzijibu.

Rudi nyuma nusu karne, mambo ni yale yale. Laura Bridgman, mtoto wa mkulima wa New Hampshire, alipoteza kuona na kusikia kwa homa akiwa na miaka miwili, na mwaka 1837 akapelekwa Boston kwa Samuel Gridley Howe, mkurugenzi wa shule ya wasioona ambayo leo tunaijua kwa jina la Perkins. Howe alibandika vibandiko vyenye maandishi ya kuinuka juu ya visu, vijiko, funguo na vitabu, akamfundisha Laura kulinganisha kibandiko na kitu chake, halafu akazitenganisha herufi mtoto azipange mwenyewe. Njia hiyo ilizaa matunda baada ya wiki kadhaa, na Howe akapata sifa hadi Ulaya. Charles Dickens alikwenda kumwona Laura mwaka 1842 na kuandika habari zake. Mama yake Helen aliyasoma maandishi hayo miaka mingi baadaye, na ndiyo yaliyomfanya atafute mwalimu. Lakini kabla ya Howe kulikuwa na mzee mmoja jirani, Asa Tenney, aliyezoea kumchukua Laura matembezini mashambani na kando ya kijito, wakielewana kwa kugusana. Mzee huyo hakuwa na cheo wala mbinu yenye jina. Alikuwa na muda.

Basi hawa wawili walipofika mbele ya walimu wao mashuhuri, tayari walijua mambo matatu: kwamba kuna mtu upande wa pili, kwamba ukifanya jambo yeye hujibu, na kwamba tendo la mwili linaweza kusimama badala ya kitu kisichokuwepo. Kilichobaki kilikuwa kuvipa vitu majina. Sullivan mwenyewe aliona haraka kwamba masomo ya kukariri hayatoshi. Siku chache baada ya tukio la bomba alimtazama mtoto mchanga wa ukoo huo, akaona jinsi anavyoelewa mengi kabla hajasema neno, na akaamua kuzungumza mkononi mwa Helen sentensi nzima nzima, kama sisi tunavyomsemesha mtoto asiyejua bado kujibu. Kwa maoni yangu uamuzi huo ni mkubwa kuliko bomba.

Swali gumu ni la mtoto ambaye hakuwahi kuwa na Martha wala mzee Tenney, wala miezi 19 ya mwanga.

Watoto hao walikuja kwa wingi katikati ya karne ya 20. Daktari wa macho Norman Gregg, nchini Australia, alikuwa ameonyesha mwaka 1941 kwamba mama akipata rubela akiwa mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho. Baadaye ikajulikana kwamba masikio, moyo na ubongo navyo huathirika. Mlipuko wa 1964 na 1965 nchini Marekani uliacha watoto wapatao 20,000 waliozaliwa na madhara hayo. Kwetu, chanjo ya surua na rubela iliingia Rwanda mwaka 2013, Tanzania 2014 na Kenya 2016. Maana yake, vijana wengi waliopata ulemavu wa namna hii kabla ya hapo wangali nasi, na pamoja nao wako wasioona wenye mtindio wa ubongo, wenye ulemavu wa akili, na wale ambao macho yao ni mazima ila ubongo hauzisomi picha.

Aliyewasoma watoto hawa kwa makini kuliko wengi ni Mholanzi Jan van Dijk, mwalimu katika taasisi ya viziwi huko Sint-Michielsgestel. Wanafunzi wake walizaliwa na rubela. Hawakuwa na kumbukumbu ya sauti wala ya sura. Walijitikisa mbele na nyuma, walipunga vidole mbele ya taa, walimsukuma kila aliyewakaribia. Mwalimu wa kawaida angeanza kwa kuwazuia. Van Dijk alijiunga nao. Mtoto akijitikisa, mwalimu anakaa nyuma yake, kifua kwa mgongo, anajitikisa naye kwa mwendo ule ule. Halafu anasimama.

Hapo ndipo mbinu yote ilipo. Mwendo uliokuwa wa mtoto peke yake umeshakuwa wa watu wawili, na sasa umekatika. Mtoto anangoja. Mgongo unasukuma kidogo nyuma, au bega linainuka, au mkono unagusa goti la mwalimu. Mwalimu anaupokea mguso huo kama ombi, na mwendo unaanza tena papo hapo. Ikirudiwa mara nyingi, mtoto anagundua kitu kilicho kikubwa kuliko jina la maji: nikifanya hivi, yule hufanya vile. Wataalamu wana majina marefu ya hatua hizi. Sisi tunalo neno moja la mchezoni, zamu. Pasipo zamu hakuna mazungumzo, hata kama mtoto ana maneno 100.

Kusimama huko kunaonekana kazi rahisi, lakini ndiyo inayowashinda watu wazima. Sisi ni watu wa kusaidia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anapotaka kujibu, agizo linapita njia ndefu kutoka kichwani hadi mkononi, misuli inakaza kwanza, mkono unakwenda kando, unarudi. Mlezi mwenye huruma haoni kama hilo ni jibu linalosafiri, basi anamfanyia. Kesho yake tena. Baada ya mwaka mtoto ameshajifunza kwamba kujibu ni kazi bure. Mimi naona mwalimu ahesabu moyoni hadi 10 taratibu, na kwa mwili mzito hadi 20, mikono yake ikiwa imetulia. Jaribu leo na mtu yeyote uone jinsi sekunde 20 zilivyo ndefu.

Tena lazima ujue unangojea nini. Selma Fraiberg, aliyewafuatilia watoto wachanga wasioona nchini Marekani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1977, aliona kwamba mama wa watoto hao walikata tamaa kwa sababu walitafuta tabasamu na macho ya kuwatazama, wasipate. Aliwaelekeza waitazame mikono. Uso ukiwa hauna habari, vidole vilikuwa vinatafuta, vinakunjuka, vinaita. Lipo pia jambo la pili linalowapotosha wenye kuona: mtoto asiyeona, akivutiwa na kitu, mara nyingi hunyamaza na kutulia kabisa ili asikilize au ahisi. Mwenye kuona akiona utulivu huo hudhani mtoto amechoka au amepuuza, akaondoka, kumbe ndipo alipokuwa akisikilizwa kuliko wakati wowote.

Zamu ikishapatikana, ndipo vinapoingia vitu vya ishara. Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo kazi nyingi huharibikia.

Kitu cha ishara ni kitu kinachoshikika, anachopewa mtoto muda mfupi kabla ya shughuli ili ajue kinachofuata. Kijiko kwa chakula, kamba kwa bembea. Ni rahisi kueleza. Sasa mwombe mwalimu anayeona achague kitu cha kuwakilisha safari ya daladala. Ataleta kigari cha plastiki chenye matairi manne, na hilo ndilo kosa la kwanza. Kwa jicho, kigari kinafanana na daladala. Kwa vidole hakifanani na chochote. Mtoto huyu hajawahi kuigusa daladala yote kwa pamoja, wala hajui kwamba ina umbo la boksi lenye magurudumu. Daladala anayoijua yeye ni bomba la chuma la kushikilia, kiti cha plastiki kinachonata na jasho la mapaja, mtetemo unaopanda miguuni, na harufu ya dizeli. Basi kata kipande cha plastiki ile ile ya kiti, kishone juu ya ubao mdogo, umpe kabla hamjapanda, na mkishapanda ulinganishe: kipande hiki, kiti hiki. Hapo umesema neno. Ule mtetemeko wa Helen wa kuomba aiskrimu ulitokana na kanuni hiyo hiyo. Haukuwa picha ya aiskrimu, ulikuwa alama ambayo aiskrimu iliuachia mwili.

Vivyo hivyo kuoga ni dodoki lenyewe, na bata wa mpira abaki dukani. Uji ni kikombe chake, chenye mpini anaoujua. Kulala mchana ni kipande cha mkeka. Na watu nao wawe na alama zao: mwalimu mwenye bangili ya shaba asiivue akaja na ya plastiki kwa sababu ya sare ya harusi, maana kwa mtoto huyu atakuwa amekuja mtu mwingine.

Kosa la pili ni la wakati. Mwanzoni kitu kinatolewa karibu kabisa na shughuli, dodoki mkononi na maji miguuni. Pengo linapanuliwa kidogo kidogo: dodoki darasani, maji bafuni, katikati kuna ukumbi wa kutembea huku amelishika. Kila hatua ya ukumbi huo mtoto anabeba kichwani kitu ambacho bado hakipo, na kazi ya lugha ni hiyo. Hali kadhalika kitu chenyewe husogezwa mbali na uhalisia: kwanza kijiko anacholia, kisha kijiko kinachofanana nacho asicholia, kisha nusu ya kijiko iliyobandikwa kwenye kadi. Wachache watafika kwenye nukta nundu. Wengi hawatafika, na si aibu: kijana wa miaka 20 anayeomba chai kwa kadi yenye mpini wa kikombe ameomba chai.

Kosa la tatu ni kugeuza vitu hivi kuwa mtihani. Mwalimu anavipanga mezani na kuuliza kipi ni cha kula. Kwa nini mtoto ajibu, na chakula hakipo? Mtoto mwenye akili timamu hukitupa kijiko chini. Nami ningekitupa.

Vitu vikishakuwa vinne au vitano, vinahitaji pa kukaa. Sanduku la ratiba ni safu ya vyumba vidogo, na boksi za sabuni zilizogundishwa zinatosha kabisa. Kila chumba kina kitu cha shughuli moja, kwa mpangilio wa siku, kushoto kwenda kulia. Pembeni, mbali kidogo, liko kapu la yaliyokwisha. Asubuhi mtoto na mwalimu wanapitisha mikono kwenye vyumba vyote, kisha wanarudi cha kwanza, wanatoa kitu, wanakwenda nacho. Shughuli ikiisha, mtoto anakitumbukiza kwenye kapu kwa mkono wake.

Kapu hilo linafanya kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto anayeona huuona mwisho ukija: sahani zinatolewa, watoto wengine wanasimama. Kwa mtoto asiyeona na asiyesikia vizuri mambo hukatika tu. Yuko kwenye bembea, ghafla mikono inamnyanyua, yuko kwenye kiti. Anapiga kelele, naye anaitwa mkorofi. Kumbe analalamika kwa haki, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba imekwisha. Kitu kinapoanguka ndani ya kapu, mwisho unakuwa na mahali na mguso wake. Na kuna faida ya pili: jioni mnarudi kwenye kapu mkatoa dodoki, kavu, mkalishika pamoja. Hakuna anayeoga sasa. Mnaongea habari ya asubuhi. Ni hadithi ya kwanza ya mtoto huyo.

Yote haya yanategemea mikono ya nani iko juu. Desturi ya madarasa mengi ni kumshika mtoto viganja na kumfanyisha, mkono wa mwalimu juu. Wanaojua kazi hii hugeuza: mkono wa mwalimu unakwenda chini, wa mtoto unapanda juu yake, huru kuondoka. Mtoto anahisi vidole vya mwalimu vinavyofanya kazi, anaweza kuvifuata, anaweza kukataa. Ukimkamata viganja umemziba macho yake na mdomo wake kwa pamoja, kisha unashangaa anavuta mikono na kuificha kwapani.

Mrusi Alexander Meshcheryakov, aliyefanya kazi na viziwi wasioona katika shule iliyofunguliwa Zagorsk, karibu na Moscow, mwaka 1963, alilichambua tendo moja tu la kula kwa kijiko hadi mwisho wake. Mwalimu na mtoto wanafanya pamoja, lakini mwalimu anahisi kila mara mkono wa mtoto unapoanza kwenda wenyewe, na hapo hapo analegeza wake. Akichelewa kulegeza, mtoto anarudi kuwa mzigo. Akiwahi mno, kijiko kinaanguka na mtoto anaogopa. Wanafunzi wanne wa shule hiyo waliingia Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1971 na kuhitimu, jambo lililotangazwa sana, ingawa baadhi yao walikuwa wameona au kusikia utotoni na wapinzani hawakuchoka kulikumbusha hilo. Mimi nimebaki na kile kijiko. Chuo kikuu ni cha wachache, kijiko ni mara tatu kila siku.

Kwetu hapa utaalamu upo, ingawa haujaenea. Kenya ina shule maalumu ya viziwi wasioona pale Kabarnet, na vitengo vya wanafunzi wenye ulemavu zaidi ya mmoja viko katika shule mbalimbali za ukanda huu. Tatizo la kawaida si kukosa vifaa, kwa maana vifaa vyenyewe ni dodoki na boksi. Tatizo ni sanduku la kupokelea wageni: limepakwa rangi, limetundikwa ukutani juu ya kichwa cha mtoto, vitu vyake havina hata doa. Sanduku linalotumika lina uji mkavu pembeni na kamba iliyochakaa. Tatizo lingine ni likizo. Shuleni kuoga ni dodoki, nyumbani bibi anatumia kitambaa, na hakuna aliyemwambia bibi. Mwezi mmoja unatosha kufuta muhula. Dawa yake ni kumtuma mtoto na vitu vyake, vimefungwa kwenye kamba moja, na kumwonyesha mama au bibi kwa vitendo, naye aseme kipi nyumbani kwake hakina maana. Mara nyingi yeye ndiye mwenye ishara ambazo mwalimu hazijui, kama Martha.

Halafu siku moja mtoto anakwenda sandukuni bila kuitwa. Anapapasa, anapita kijiko, anapita mkeka, anachukua kamba ya bembea na kumletea mwalimu, saa ya hesabu, mvua inanyesha. Hilo ndilo bomba lake. Wala si wakati wa kupiga makofi, kwa kuwa ameuliza swali na anasubiri jibu, na jibu ni hapana. Ukimnyang'anya kamba na kuirudisha, umemfundisha kwamba kuomba ni kosa. Ukimpeleka mvuani, ratiba imekufa. Wazoefu wana sanduku la pili, la siku inayofuata, limewekwa kando ya la leo, na kila jioni baada ya vitu vya leo kuingia kapuni sanduku hilo husogezwa mahali pa lile la kwanza. Mwalimu anaweka mkono wake chini ya mkono wa mtoto, wanatoka nje hadi barazani, mvua inawapiga viganjani. Wanarudi. Wanaibeba kamba pamoja hadi kwenye sanduku la pili, wanaiweka chumba cha kwanza, na mkono wa mtoto unaachwa juu yake kwa muda anaoutaka mwenyewe.

Asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, kamba hiyo lazima iwe pale pale.